Jinsi ya Kupungua Bila Mwili Wala Majirani Kushtuka

Sogea karibu, tuongee taratibu. Unataka kupungua, na sitakuuliza kwa nini. Huenda kuna harusi mbele. Huenda kifungo cha suruali kimegoma. Huenda mtu amerusha picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, wewe umesimama ubavu, na hukujijua. Sababu hizo zinatosha kabisa. Kupenda kupendeza kumewaamsha watu alfajiri kuliko karatasi ya daktari, na mwongozo huu unategemea jambo hilo hilo.

Nitakufundisha kudanganya. Tutaidanganya njaa, sahani, mama mkwe na kalenda. Kitu kimoja tu hatutakigusa, nacho ni hesabu, kwa sababu kila aliyejaribu kuichezea alirudishiwa kilo zake na riba juu.

Shika jambo moja tangu sasa: chagua kasi utakayoimudu katika wiki yako mbaya kuliko zote. Ile wiki mtoto ana homa, umeme umekatika, mshahara umechelewa, na mama ntilie ndiye mpishi wako. Kasi ya wiki nzuri kila mtu anaiweza, ndiyo maana kila mtu huanza vizuri.

Hatua ya 1: Funga mdomo

Usitangaze. Ukishatangaza kwamba unapunguza mwili, umejiajiria wasimamizi ishirini. Kila utakapoinua sambusa kuna mmoja atakukumbusha ahadi yako, na siku utakapoteleza wote watakuwepo.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu hasa. Mtu akinenepa husifiwa: maisha yamemkubali, nyumbani anatunzwa, pesa zimeingia. Akikonda ghafla, watu humtazama machoni na kumuuliza kwa upole, "Ulikuwa unaumwa?" Hawana nia mbaya. Kizazi kilichoishi Kagera na Uganda miaka ya 1980 kiliona UKIMWI ukimaliza miili ya watu kabla ya kumaliza uhai wao, na kifua kikuu bado hufanya hivyo leo. Hofu ile haijatoka machoni mwetu. Ukipoteza kilo sita kwa mwezi utaanza kuletewa uji. Utaombewa. Mama atapanda basi kutoka kijijini na kuku wawili na chupa ya samli, na hapo mpango wako umekwisha.

Punguza kilo moja au mbili kwa mwezi, hakuna atakayegundua. Mwezi wa tatu watauliza kama umebadilisha nywele. Mwezi wa tano watataka kujua unapaka mafuta gani usoni. Hapo ndipo tunapopataka: unasifiwa na huhojiwi.

Ila kama unapungua na hujafanya lolote kati ya haya nitakayokuambia, weka ukurasa huu chini uende hospitali. Kupungua kusiko na sababu ni dalili, na hao wanaokuuliza kama unaumwa wana haki ya kuuliza.

Hatua ya 2: Piga hesabu mara moja, kisha achana nayo

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori 7,700 hivi. Ukitaka nusu kilo iondoke kwa wiki, lazima kupatikane upungufu wa kalori 3,850 kati ya unachokula na unachotumia, yaani 550 kwa siku. Ukitaka robo kilo, ni 275 kwa siku.

Kalori 275 ni kiasi gani? Soda ya nusu lita huwa na sukari ya gramu 50 na ushei, ambazo ni kalori 210 hivi. Ongeza vijiko vinne vya sukari unavyotia kwenye chai ya asubuhi na ya jioni. Hizo ni kalori 64. Umefika. Hujagusa ugali, hujagusa nyama, hujamuudhi mpishi.

Hapo wengi hushika kikokotoo. Robo kilo mara wiki 52 ni kilo 13, basi mwakani nitakuwa mwembamba! Kiweke chini. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ulivyotumia zamani, kwa sababu mzigo wa kubeba ni mdogo, na kwa sababu wenyewe hubana matumizi unapoona akiba inashuka. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet njia ya kukadiria inayoheshimu jambo hilo. Kila kilojuli 100 unazopunguza kwa siku, yaani kalori 24, zitakuondolea hatimaye kilo moja hivi, mradi usirudi nyuma. Nusu ya kupungua huko huja katika mwaka wa kwanza, na karibu kote huwa kumefika baada ya miaka mitatu. Zipime soda na sukari yako ya chai kwa kanuni hiyo: ni kilo 11 hatimaye, lakini mwaka wa kwanza ni kilo sita hivi.

Naona uso umekushuka. Uinue. Nenda dukani kwa Mangi, omba kushika mfuko wa unga wa kilo tano, juu yake weka kilo moja ya sukari, usimame navyo dakika kumi. Huo ndio mzigo utakaoutua magotini. Na kama una kilo 90, hiyo ni zaidi ya asilimia 6 ya uzito wako, kiasi kinachobadilisha mambo makubwa. Mwaka 2002 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani hawakupungua kilo nyingi, tano au sita hivi, lakini katika muda wa karibu miaka mitatu kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kati yao, kikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge bandia. Waliopewa metformin walipata asilimia 31. Kilo sita zilishinda dawa.

Kwa hiyo weka nusu kilo kwa wiki kuwa kikomo cha juu na robo kilo kuwa kawaida yako. Madaktari wengi huruhusu hadi kilo moja, na mtu mzito sana anaweza kuifikia mwanzoni bila taabu. Ukipita kilo moja na nusu kwa wiki mfululizo, hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo hupanda. Na kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia insulini au vidonge vya kisukari, muone daktari wako kwanza. Dozi ileile juu ya chakula kilichopunguzwa inaweza kushusha sukari mpaka ukaanguka.

Hatua ya 3: Waache wenzako washangilie maji

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, karibu nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukikata ugali na wali kwa ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka mkojoni. Mzani unashuka kilo mbili kabla ya wiki kwisha. Mafuta bado yamekaa palepale, hayana habari.

Wauza chai za kupunguza tumbo wanaishi kwa hizo kilo mbili. Nyingi ya chai hizo huwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, kwa hiyo wewe unalipia safari za chooni. Mkanda wa kubana tumbo nao hukutoa jasho, na jasho linarudi na glasi mbili za maji. Usitoe hata shilingi.

Harusi iko baada ya wiki sita? Basi una kilo mbili, labda tatu. Nyingine mwachie fundi cherehani. Mpe vipimo vya mwili ulio nao leo, mwambie aache pindo la kutosha ndani, na urudi kwake wiki moja kabla abane palipolegea. Usishonewe gauni la mwili unaoutarajia. Nguo iliyokaa vizuri itakuondolea kilo nne machoni pa watu, na siku hiyo macho ya watu ndiyo mzani.

Hatua ya 4: Panga kushindwa mapema

Utateleza. Nakuambia sasa ili usije ukaomboleza. Itakuja Ijumaa ya mishkaki, itakuja arobaini ya mtoto wa jirani, litakuja pilau ambalo harufu yake inakupokea getini. Mpango unaodai usiteleze hata mara moja hufa siku ya kwanza unapoteleza. Mtu anakula sambusa mbili Ijumaa, anajiambia "nitaanza upya Jumatatu", kisha anakula Jumamosi na Jumapili yote kwa kuaga. Sambusa mbili hazina kosa. Zilizomharibia ni zile siku mbili za kuisubiri Jumatatu.

Hebu tupime ukubwa wa dhambi yenyewe. Umekwenda harusini ukala kalori 1,000 zaidi ya unavyohitaji, na huo ni mlo wa kishujaa. Mafuta utakayoyapata ni gramu 130 hivi. Asubuhi mzani utakuambia umeongezeka kilo moja na nusu, na tofauti yote hiyo ni chumvi ya pilau iliyoshika maji, pamoja na chakula ambacho bado kiko njiani. Baada ya siku tatu vyote vitakuwa vimeondoka. Usifunge kula kesho yake ili kujiadhibu. Rudi kwenye mlo wako wa kawaida, mlo unaofuata, hata kama ni saa nne usiku na bado umevaa nguo za harusi.

Sasa chukua kalenda ya mwaka mzima na kalamu. Tia alama Ramadhani kama unafunga. Mwezi huo una kazi yake ya ibada, usiugeuze kuwa mashindano ya mzani. Kula daku, punguza kaimati, na lenga kubaki ulivyo. Tia alama Desemba kama unapanda Moshi, ambako kuna nyama choma, mtori, mbege, na mjomba anayekuhesabia vipande ulivyokula akiona ni vichache. Tia alama wiki za mitihani, za kufunga hesabu za mwaka, na msimu wa harusi za upande wa mwenzio. Katika vipindi vyote hivyo lengo ni kubaki na uzito uleule. Kubaki palepale wakati ukoo mzima unaongezeka ni ushindi kamili, uandike hivyo.

Ukitoa wiki 16 za sherehe na matatizo, zinabaki 36. Ukianza kwa nusu kilo kwa wiki na kasi ikaendelea kushuka, hata chini ya robo, kadiri mwili unavyozoea, mwaka utakupa kilo saba hadi kumi. Panga kwa saba. Zikija nane utajiona bingwa, na mtu anayejiona bingwa huendelea.

Hatua ya 5: Fanya hila jikoni

Usishindane na njaa uso kwa uso. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapa vijana 36 chakula cha wastani wa kalori 1,570 kwa siku, kwa wiki 24. Walikuwa watu wa msimamo hasa, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao na kujitolea kwa jaribio hilo. Walipungua karibu robo ya uzito. Pia walianza kuota chakula, kulamba sahani, na kukaa wakisoma vitabu vya mapishi. Ratiba nyingi za kujinyima zinazozunguka kwenye simu zina kalori chini ya hizo. Ikiwa vijana wale, wakiwa chini ya uangalizi wa wanasayansi, chakula kilishika akili zao namna ile, wewe mwenye kibanda cha chipsi nje ya geti huna sababu ya kujipima nguvu hivyo.

Anza na mafuta ya kupikia, kwa sababu hapo ndipo kalori nyingi zinaingia bila kuonekana na bila kukuongezea shibe yoyote. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu humaliza nusu kikombe kwenye sufuria moja ya mchicha, na hizo ni karibu 1,000. Nunua mafuta ya kupima kwa wiki, yatie kwenye chupa ndogo, na weka kijiko kando yake. Vijiko vitatu vinatosha mboga ya watu wanne. Kwa hila hiyo peke yake, kila mlaji amepunguziwa kalori 150 na hakuna aliyeonja tofauti. Kitunguu kikaange taratibu na nyanya zikaushwe vizuri, ladha iko hapo.

Nazi usiiache, mtu wa pwani akinyimwa nazi ataasi, na ana haki. Tumia tui la pili kwa kuivishia, na tui zito litie kidogo tu mwishoni, pale ulimi unapoliona.

Sukari ya chai ipunguze kwa nusu kijiko, ukae wiki mbili, kisha nusu nyingine. Ulimi huzoea. Soda ibaki kuwa kinywaji cha wageni, nawe uwe mwenyeji. Bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, kwa hiyo agiza chupa ya maji kila baada ya bia moja. Kufikia saa nne utakuwa umekunywa nusu ya wenzako, na utakuwa wewe unayekumbuka hadithi zote.

Kisha hila ya mpangilio. Kula mboga na maharage kwanza, ugali baadaye. Maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki na mayai hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate na chai. Ugali ukikuta tumbo ambalo tayari lina mchicha na dagaa utaingia nusu ya kawaida yake wenyewe, bila wewe kujikaza. Ukinywa supu asubuhi na chapati mbili, ibakize supu na uache chapati moja. Usiache zote mbili. Ukiziacha zote mbili saa tano utakutwa ofisini na maandazi manne kwenye gazeti.

Hatua ya 6: Kula ugenini bila kuvunja undugu

Mama mkwe amepika tangu alfajiri. Kumwambia unapunguza mwili ni kumwambia chakula chake kina ubaya. Usithubutu. Kaa karibu na kachumbari, jipakulie mwenyewe kabla hujapakuliwa, na ule taratibu kuliko wote mezani. Sahani tupu huongezwa. Sahani yenye chakula huachwa. Kwa hiyo sahani yako isiwe tupu mpaka watu waanze kunawa.

Atauliza, "Mwanangu, mbona huli?"

"Nakula mama. Chakula kitamu hivi nakimaliza haraka ya nini?"

Atafurahi mchana kutwa. Akisisitiza tena, mwombe akufungie. Kufungiwa chakula ni sifa kubwa kwa mpishi, nacho kitapata walaji nyumbani kwako kabla hujavua viatu.

Kwenye harusi na kicheni pati, ingia foleni ya chakula mwishoni. Watu watakuona mstaarabu, na chipsi zitakuwa zimekwisha.

Hatua ya 7: Linda misuli, kwa sababu ndiyo itakayoonekana

Mtu akipungua kwa kujinyima tu, robo hivi ya uzito unaoondoka huwa si mafuta, na sehemu yake ni misuli. Ndiyo maana wengine hupungua na bado kioo hakiwapendi: mashavu yameingia, mikono imelegea, kitambi kimebaki. Tiba yake haihitaji jimu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 za chuma cha bure. Beba dumu la lita 10 kila mkono kutoka bombani, rudi tena. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika popote, mara kumi na mbili, pumzika, rudia mara mbili. Fanya pushapu ukiegemea ukuta, kisha meza, kisha sakafu. Mara tatu kwa wiki inatosha, na kula kitu chenye protini katika kila mlo.

Kutembea ni jambo jingine, na watu hutegemea kwamba kutafanya kazi isiyo yake. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa anatumia kalori 120 hadi 150. Akinywa soda ya nusu lita kujipongeza, amerudi nyuma. Kazi kubwa ya miguu ni kulinda ulichokwisha kupunguza, pamoja na moyo na sukari ya damu. Kwa hiyo shuka daladala kituo kimoja kabla, asubuhi kabla jua halijawa kali, siku tano kwa wiki. Wenzako watadhani unabana nauli. Waache wadhani.

Halafu lala. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu 10 chakula pungufu katika vipindi viwili vya wiki mbili. Katika kimoja walilala kitandani saa nane na nusu, katika kingine saa tano na nusu. Uzito ulishuka karibu sawa, kilo tatu hivi, lakini walipolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za mafuta, na walipokosa usingizi wakapoteza 0.6 tu. Ni watu wachache, lakini sijaona hila nyingine ya kupungua inayofanyika ukiwa umefumba macho. Zima simu saa nne.

Hatua ya 8: Uzoee mzani usiosogea

Chagua mzani mmoja na uwe mwaminifu kwake. Ukijipima nyumbani leo, kesho kwa yule kijana wa stendi mwenye kipaza sauti, keshokutwa zahanati, utapata majibu matatu na kuchagua linalokupendeza. Jipime asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, na angalia wastani wa wiki. Siku kwa siku uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji tu, na kwa wanawake mzunguko wa mwezi huongeza yake. Mwezi mmoja ndio wa kwanza kusema kitu.

Nunua pia utepe wa fundi cherehani. Zungusha kiunoni, usivute tumbo ndani, hakuna anayekuona. Mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke 80, hatari ya moyo na kisukari imeanza kupanda. 102 na 88 imepanda sana. Kipimo hiki husogea hata miezi ambayo mzani umenuna, hasa ukiwa unabeba ndoo zako.

Na mzani utanuna. Baada ya miezi sita hivi watu wengi hufika mahali uzito unakataa kushuka. Mwili umebana matumizi, na mkono nao umeanza kusahau kijiko cha mafuta. Usikate mlo kwa hasira. Kaa hapo mwezi mzima, ukilinda ulichopata, kisha punguza kitu kimoja kidogo zaidi. Kuna kundi lililokwenda kinyume mbele ya kamera: washindani 14 wa kipindi cha runinga cha Marekani kiitwacho The Biggest Loser. Walipungua wastani wa kilo 58 kwa wiki 30. Watafiti waliowapima miaka sita baadaye, matokeo yakatoka 2016, walikuta kilo 41 zimerudi, na miili yao ikiwa imetulia ilikuwa bado inatumia kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Lakini nisikufiche jambo. Kasi peke yake si hirizi. Mwaka 2014 utafiti wa Melbourne uliwalinganisha watu waliopungua kwa wiki 12 chini ya uangalizi na wengine waliopungua kwa wiki 36. Baada ya karibu miaka mitatu, makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu asilimia 71 ya kilo walizopoteza. Aliyekwenda taratibu kisha akarudia sufuria yake ya zamani alirudi alikotoka sawasawa na aliyekimbia. Ndiyo maana nakutaka uende polepole kwa hila ambazo hutazichoka: unapofika, hakuna cha kuacha. Mchicha wa vijiko vitatu utakuwa ndio mchicha wa nyumbani kwako, na watoto wako hawajui mwingine.

Hatua ya 9: Ukifika, linda mlango

Huko Marekani tangu 1994 kumekuwa na daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo kwa mwaka au zaidi. Wengi wao hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na robo tatu hujipima angalau mara moja kwa wiki. Hawaachi kuangalia.

Nawe usiache. Nguo kubwa zitoe zote mwezi huohuo, mpe ndugu au mpelekee fundi azipunguze, kwa sababu kabati lenye nguo za kilo 90 ni ruhusa ya kurudi kilo 90. Chukua suruali moja isiyo na mpira kiunoni, iwe ndiyo ya Ijumaa. Andika uzito wako wa sasa kwenye karatasi, ongeza kilo mbili juu yake, bandika ndani ya mlango wa kabati. Wastani wa wiki ukigusa namba hiyo, rudi kwenye chupa ndogo ya mafuta na chai ya kijiko kimoja siku hiyohiyo, kabla ya Jumatatu, na usimwambie mtu.